Saini Iliyo Pembeni mwa Kibonzo

Pembeni mwa kila kibonzo, aghalabu chini upande wa kulia, huwapo alama ndogo mfano wa mdudu aliyetambaa juu ya wino kabla haujakauka. Hiyo ni saini ya mchoraji, sehemu ya picha ambayo wasomaji wengi hawaitazami, na ambayo mpangaji kurasa, akitafuta nafasi ya tangazo, huwa wa kwanza kuipitishia mkasi. Siku hizi mkasi huo umo katika simu ya kila mtu: kibonzo hutoka mkono huu kikaingia mkono ule, kikawachekesha watu wa Tanga na Mombasa na Maskati kwa usiku mmoja, ilhali pembe ile imekwisha katwa na jina limetupwa pamoja nayo.

Mimi naiita dhuluma, na nasema kwamba sisi watu wa magazeti ndio tulioilea.

Asiyewahi kushika kalamu hudhani kwamba mhusika wa kibonzo ni mzaha uliochorwa kwa dakika mbili, na pengine ni kweli kwamba picha ya leo imechorwa kwa dakika mbili; lakini yule mtu aliyemo ndani yake, mwenye pua yake, na mwendo wake, na namna yake ya kukasirika, hakupatikana ila baada ya karatasi nyingi kukunjwa na kutupwa. Yampasa mchoraji abuni sura inayoweza kuchorwa kwa mbele na kwa ubavu na kwa kisogo, ikiwa imelala au inatimua mbio, leo na baada ya miaka ishirini, na kila mara msomaji aseme bila ya kusita: huyu ndiye. Mafundi wa kazi hii wana kipimo chao, nacho ni kivuli: mpake mhusika wino mweusi mwili mzima, macho na mdomo visionekane, kisha mwulize mtoto huyu ni nani. Ub Iwerks, mchoraji wa Kimarekani aliyemchora Mickey Mouse mwaka 1928 katika karakana ya Walt Disney, alimjenga kwa duara juu ya duara, kwa kuwa duara huchorwa upesi na filamu ya dakika chache ilihitaji maelfu ya picha. Na ndiyo sababu masikio ya panya yule hubaki mviringo hata anapogeuza kichwa, jambo lisilowezekana kwa panya aliyeumbwa na Mungu, wala hapana mtazamaji aliyewahi kulalamika.

Wachoraji wetu waliongeza juu ya ustadi huo wa mkono ustadi wa ulimi, maana walijua kwamba Mswahili humsikia mtu kabla ya kumtazama. Edward Gitau wa Kenya, ambaye mhusika wake aliwachekesha wasomaji wa Taifa Leo kwa miongo mingi, alimwita Juha Kalulu, na katika maneno hayo mawili mna safari ndefu: Juha ni yule mpumbavu mashuhuri wa hekaya za Waarabu, na kalulu ni jina la sungura mjanja katika lugha kadha za Kibantu, mjinga na mwerevu wakatiwa ndani ya kanzu moja. Huku Tanzania, Philip Ndunguru aliwazalia wasomaji wa jarida la Sani watu kama Ndumilakuwili, aliyepewa jina la nyoka asemwaye kuwa huuma kwa mbele na kwa nyuma, na Lodi Lofa, ambaye neno lake la kwanza ni heshima ya mabwana wa Kiingereza na la pili ni mtu asiye na kazi wala makazi, hata ukiyaweka maneno hayo bega kwa bega yamekwisha gombana kabla mchoraji hajachovya kalamu.

Nakala moja ya Sani, wakati huo, ilikuwa ikisomwa na mtaa mzima. Ilianzia kwa kinyozi, ikapita mabarazani, ikarejea haina jalada, nasi vijana tulimjua Komredi Kipepe, mhusika mwingine wa jarida hilo, kama tunavyomjua jirani. Jina lenyewe la jarida lilifumwa kwa majina ya waasisi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Lakini sikumbuki hata siku moja mtu kati yetu aliyeuliza ni nani aliyemchora Kipepe, na mimi nimo katika hao wasiouliza. Ndunguru alifariki katikati ya miaka ya 1980, angali kijana, wachoraji wengine wakaishika kalamu, na wahusika wake wakaendelea kutembea. Si kosa hilo, kwani hapana msomaji anayependa kuzika marafiki zake wote siku moja. Kosa ni kuwaacha watembee kana kwamba hawana baba. Na kuna njia nyingine ya kusahauliwa, ambayo yafanana na sifa: Christian Gregory, aliyemchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, alifikia kuitwa Chakubanga yeye mwenyewe, mwana akammeza mzazi.

Wahariri wenzangu hujibu kwamba gazeti ndilo lililonunua wino na karatasi, na likamlipa mchoraji ujira wake. Ni kweli, lakini limelipia picha ya siku ile. Vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, waliuza Superman mwaka 1938 pamoja na haki zote kwa dola 130, na ikawa mwaka 1975, baada ya miaka 37 na fedheha kubwa hadharani, ndipo kampuni iliyokuwa ikitajirika kwa jasho lao ilipokubali kuwapa dola 20,000 kila mmoja kwa mwaka na kuyarejesha majina yao. Huku kwetu Tanzania, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamhifadhia mtunzi haki ya kutambuliwa kwa kazi yake, na haki hiyo si kitu kimoja na fedha.

Mchoraji mmoja ninayemfahamu alimkuta mhusika wake amepakwa ukutani mwa duka, kavikwa fulana yenye rangi za kampuni, akinadi bidhaa ambayo mchoraji mwenyewe hakuwa na uwezo wa kuinunua mwezi ule. Nilidhani atanisimulia habari za mawakili. Akaniambia: "Kaka, wamemnyima shingo." Alikuwa ametumia mwaka mzima kuitafuta shingo ile, nyembamba, iliyoinama kidogo mbele, ya mtu anayedaiwa na kila mwenye duka, na mpaka rangi wa kampuni, asiyejua kuwa ile shingo ndiyo tabia yenyewe, alikibandika kichwa juu ya mabega akaenda zake.

Naliomba kila gazeti la Kiswahili liandike jina kamili la mchoraji kwa herufi za chapa juu ya kibonzo chake, kama linavyoandika la mwandishi wa makala hii. Mkataba uandikwe siku mhusika anapozaliwa, si siku anapogombewa. Na vibonzo vya zamani vikusanywe vichapwe vitabuni, pamoja na majina ya waliovianza na waliovirithi. Hilo la mwisho lina haraka kuliko yote. Nakala za zamani za Sani nizijuazo mimi ziko chini ya kitanda cha mzee mmoja mstaafu, ndani ya kasha la mbao, nazo zimeanza kuliwa na mchwa kutoka pembeni.