Kamba wa Kuchoma: Ndimu Isitangulie Makaa

Mama mmoja, msomaji wa ukurasa huu anayekaa bara, mwendo wa siku nzima kutoka pwani, ametuletea barua yenye masikitiko. Shemeji yake alitoka Pemba akafuatana na mavyaa yake, na mkononi alikuwa na kilo moja ya kamba waliogandishwa, wakubwa, wenye vichwa vyao. Huyu mama hakuwahi kupika kamba wabichi tangu azaliwe. Aliwajua uduvi wakavu wa kutia katika mboga. Jirani akamwambia kwamba kamba wa kuchoma hawakolei mpaka walale katika ndimu na thomu usiku kucha. Basi akawamenya wote, akakamua ndimu sita, akatia thomu na chumvi, akafunika bakuli, akalala akiwa na furaha.

Asubuhi aliwakuta wamegeuka weupe kana kwamba wamekwisha kupikwa. Mchana akawatia makaani. Walipofika mezani walikuwa wagumu kutafuna na wakavu ndani kama chaki, ladha ya thomu haikuonekana, ukali wa ndimu ndio uliojaa kinywani. Mavyaa alikula wawili, akasema, “Ahsante, mwanangu, nimeshiba,” akanawa mikono. Mwenye barua anatuambia kuwa maneno hayo bado yanamwamsha usiku. Anauliza: je, kosa ni la kamba, la barafu, au langu?

Dada yetu, kosa si la kamba wala si la mikono yako. Kosa ni la saa. Ulifanya yote yaliyotakiwa, ila uliyafanya mapema kupita kiasi, na jirani aliyekushauri alichukua kanuni ya nyama ya ng'ombe akaivika kamba.

Nyama ya kamba ni laini mno. Haina mishipa migumu kama ya paja la mbuzi, ambayo huhitaji muda mrefu ili ilegee. Maji ya ndimu yana asidi kali, na asidi ikiigusa protini ya kamba huifanyia karibu lile lile linalofanywa na moto: huikunjua, kisha huikaza, na maji yaliyomo ndani hukamuliwa nje. Ndiyo sababu kamba hugeuka rangi bakulini bila ya kuona jiko. Dakika kumi na tano za ndimu humpa kamba harufu nzuri na kumchangamsha. Saa moja humkaza. Usiku kucha humharibu kabisa. Kisha ukimtia motoni unampika mara ya pili.

Nakumbuka bibi yangu mzaa mama, ambaye alichoma kamba mbele ya nyumba kila bamvua kubwa. Alikuwa akiwapaka kamba thomu na chumvi na mafuta, akawaweka kando kivulini, akashughulika na mambo mengine. Ndimu zilikaa juu ya kigae bila kukatwa. Sisi watoto tulidhani amesahau, tukamkumbusha, naye akatufukuza. Makaa yalipokwisha kushika na kuvaa majivu, hapo ndipo alipozikata ndimu na kuzikamua. Sikumwuliza sababu, na yeye hakuwa mtu wa kueleza sababu. Nilikuja kuielewa nikiwa mtu mzima, baada ya kuwaharibu kamba wangu mwenyewe mbele ya wageni, tena zaidi ya mara moja.

Basi tuanze pale anapostahili kuanza mpishi, yaani sokoni. Kamba mzuri kichwa chake kimeshikamana na mwili, ganda lake linang'aa, na harufu yake ni ya bahari. Kichwa kikilegea na kuning'inia, ganda likiteleza kama lina ute, au ukisikia harufu kali inayochoma pua, mwache hata kama bei ni ya kutupa. Jihadhari pia na kamba aliyekwisha kuoshwa kwa ndimu na mwuzaji. Sote twajua kwamba ndimu hukata shombo, na ni kweli, kwa maana asidi huifunga ile harufu isipae. Lakini huifunga harufu tu. Uozo hubaki pale pale. Ndimu ni kiungo, haikupata kuwa dawa ya kamba aliyeharibika.

Waliogandishwa si wabaya, na barafu haina lawama katika kisa cha dada yetu. Wayeyushe polepole ndani ya jokofu, au katika maji baridi wakiwa wamefungwa ndani ya mfuko. Usiwaanike juani na usiwamwagie maji ya moto. Wakiisha kuyeyuka, wafute kwa kitambaa safi mpaka wakauke. Kamba mwenye maji hashiki kiungo, na juu ya makaa huchemka badala ya kuchomeka.

Sasa ganda. Dada yetu aliwamenya kamba wake wote, na hapo nathubutu kusema kwamba alijipunguzia bahati. Watu wa Beira na Maputo, ambao kamba wao wa kuchoma wamesifiwa tangu Maputo ilipokuwa ikiitwa Lourenço Marques, yaani kabla ya mwaka 1976, aghalabu humwacha kamba na ganda lake. Humpasua mgongoni kwa mkasi au kisu chenye ncha, humtoa ule uzi mweusi ambao ndio utumbo wake, kisha humfunua kidogo kama kitabu. Kiungo huingia kwa njia ya mpasuko, na ganda huikinga nyama isikabiliane uso kwa uso na moto, wala na asidi. Kichwa unaweza kukiacha au kukitoa. Mimi hukitoa na kukiweka, kwa sababu nitakayoieleza.

Kwa nusu kilo ya kamba chukua punje nne za thomu, na ziwe nene. Zimenye, uzitie katika kinu kidogo pamoja na nusu kijiko cha chai cha chumvi, uzitwange mpaka ziwe laini kama uji mzito. Chumvi huzisaidia kusagika. Usizikate vipande vikubwa, kwa kuwa kipande cha thomu huungua kabla kamba hajaiva, na thomu iliyoungua ni chungu, uchungu usiofichika. Tia vijiko vikubwa vitatu vya mafuta ya kula yasiyo na harufu kali. Tia pilipili moja iliyopondwa, au usitie kama kuna watoto.

Kisha chukua ndimu moja iliyooshwa vizuri. Kwa kisu kikali iondoe ngozi yake ya juu, ile ya kijani, nyembamba kama karatasi, bila kufikia sehemu nyeupe iliyo chungu. Ikatekate ngozi hiyo ndogo ndogo uitie katika mafuta. Harufu ya ndimu imo katika mafuta ya ngozi yake zaidi kuliko katika maji yake, na ngozi haina ukali wa kumkaza kamba. Kwa njia hii unapata harufu ya ndimu tangu mwanzo pasipo madhara yake. Laiti dada yetu angelijua hili, ndimu zake sita zingalikuwa mbili.

Wapake kamba mchanganyiko huu, uhakikishe umeingia katika mpasuko, uwaweke mahali pa baridi kwa nusu saa hadi saa moja. Tumia bakuli la udongo, la kioo au la plastiki. Sufuria ya alumini haifai, maana asidi itakapokuja itaila na kuleta ladha ya madini. Wakati huo washa makaa. Kama unatumia vijiti vya mianzi, vitie majini nusu saa visishike moto.

Makaa yakiisha kuvaa majivu meupe, na moto ukawa hauna ndimi tena, hapo kamua ndimu mbili na nusu chungwa. Chungwa hulainisha ukali wa ndimu, ila lisizidi hapo, kwa kuwa utamu wake huungua upesi. Aliye na danzi na atumie danzi moja badala ya chungwa na ndimu moja. Kwa kweli hakuna tunda liwapendalo kamba kuliko danzi, na inasikitisha kuona mdanzi ukikatwa uani ati kwa sababu matunda yake hayaliki. Kabla ya kumwaga maji hayo juu ya kamba, teka vijiko viwili uviweke katika kikombe safi pamoja na kijiko kimoja cha mafuta. Hivyo ni vya kunyunyizia mwishoni. Kiungo kilichogusa kamba mbichi kisimwagwe kamwe juu ya kamba aliyeiva.

Geuzageuza kamba katika maji hayo kwa dakika kumi, zisizidi kumi na tano, uwakung'ute, uwapange juu ya wavu. Kamba wa ukubwa wa kidole cha shahada hutaka kama dakika mbili au tatu kila upande. Usiondoke penye jiko, hata mgeni akibisha hodi, aitike mwingine. Kamba akigeuka mwekundu nje na mweupe usioonyesha ndani katika sehemu yake nene, akajikunja kama mwezi mchanga, ameiva. Akijikunja mpaka mkia ukagusa kichwa kama pete, umechelewa. Nyunyizia kile kikombe, uwapeleke mezani papo hapo.

Hapa sina budi kusimama kidogo juu ya jambo lililo zito kuliko ladha. Wako wanaosema kwamba kamba aliyegeuka mweupe katika ndimu ameiva na anaweza kuliwa bila moto. Amegeuka sura, hakuiva. Asidi ya ndimu haiui vijidudu vyote vya maradhi vinavyokaa katika viumbe wa baharini, na mtoto mdogo, mzee, mja mzito au mtu mwenye maradhi ya ini anaweza kuugua sana kwa kula kamba wa namna hiyo. Moto ndio upishi. Hali kadhalika, wapo watu ambao miili yao haipatani na kamba hata awe mzuri namna gani: midomo huvimba, ngozi huwasha, pumzi hubana. Mwulize mgeni kabla ya kumwandalia, na aliyepatwa na hali hiyo apelekwe hospitali upesi. Na thomu iliyobaki ndani ya mafuta usiihifadhi siku nyingi kabatini, maana humo yaweza kumea sumu isiyonuka wala kubadili rangi. Tengeneza ya siku moja.

Kuhusu pilipili, inapendeza kujua kwamba kamba hao waliosifiwa katika hoteli za Maputo huitwa kwa Kireno kamba wa piri-piri, na neno hilo ni pilipili yetu hii hii. Mmea wenyewe ulitoka Marekani ya Kusini na ya Kati, ukaletwa na meli za Wareno. Jina likatoka katika lugha zetu likaenda nao. Kamba wenyewe wengi hutoka katika maji ya Sofala, kwenye mdomo wa mto Zambezi na pande zake, ambako wachanga hukulia katika mikoko kabla ya kuingia baharini. Uvuvi wake hufungwa kila mwaka kwa miezi kadhaa ili wakue. Kwa miaka mingi kamba hao walikuwa miongoni mwa bidhaa kuu za Msumbiji za kuuzwa ng'ambo, na wakubwa wao walipanda meli kabla ya kufika sokoni kwetu. Mama anayepata kilo moja leo anashika kitu cha thamani, na ndiyo maana kuwapoteza kwa sababu ya saa nane za ndimu kunauma.

Basi dada yetu, shemeji akirudi safari nyingine, na mavyaa akiwa naye, usiogope. Ndimu ziache juu ya meza mpaka makaa yawe tayari. Vile vichwa ulivyovitoa usivitupe: vikaange kidogo katika mafuta pamoja na kitunguu, uviponde kwa mwiko, tia maji vikombe vinne, vichemke dakika ishirini, uchuje. Pikia wali maji hayo pamoja na tui la nazi, uupakue kwanza mavyaa akiwa bado ananusa kamba walioko jikoni.