Wafadhili wanafika wilayani, fedha zinabaki Dar: shida iko wapi?

Ukiwa kwenye kikundi au asasi ndogo huko mkoani, hii unaijua. Ujumbe unapita kwenye kundi la WhatsApp: wageni kutoka ubalozini wanakuja, wanataka kukutana na asasi za kiraia za wilaya. Ukumbi wa hoteli, maji ya chupa, nauli mnasainia mlangoni. Mgeni anasema safari hii wanataka kufanya kazi na wananchi wenyewe, siyo mashirika makubwa ya Dar es Salaam. Makofi. Halafu inawekwa slaidi ya masharti, na nusu ya ukumbi inaelewa kwamba imekuja kusindikiza wenzao.

Ahadi yenyewe si ngeni. Mwaka 2016, kwenye mkutano wa Istanbul, wafadhili wakubwa na mashirika ya misaada walikubaliana kwamba ifikapo 2020 angalau asilimia 25 ya fedha za misaada ya dharura ziwafikie wahusika wa nchi yenyewe, kwa njia fupi iwezekanavyo. Mwaka 2022, zilizokwenda kwao moja kwa moja zilikuwa kama asilimia 1.2 tu.

Novemba 2021 Samantha Power, aliyekuwa mkuu wa USAID, naye akaahidi kwamba ndani ya miaka minne robo ya fedha zao zitakwenda moja kwa moja kwa mashirika ya ndani. Mwaka wa fedha 2022 walifika asilimia 10.2. Uliofuata wakashuka hadi 9.6. Kisha Januari 20, 2025 Rais Donald Trump akasimamisha misaada ya nje, na Julai 1 mwaka huo USAID ikafikia mwisho, kilichobaki kikahamia Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani.

Kwa hiyo robo haikufika. Na hata hizo asilimia kumi zina la kuuliza, maana kwenye hesabu zao "shirika la ndani" ni lile lililosajiliwa na lenye makao yake nchini. Shirika lenye ghorofa Mikocheni, mwanasheria na wahasibu, linahesabiwa sawa na kikundi cha akina mama cha Kakonko. Fedha zikiishia Mikocheni, ripoti inasema zimefika kwa wenyeji. Kwetu mambo yana utani wake pia: mji mkuu ni Dodoma, ila balozi nyingi bado ziko Dar. Hata mtu wa Dodoma anapanda SGR kwenda kumtafuta mfadhili.

Anwani ni S.L.P.

Chukua fedha za serikali ya Marekani. Kwa kawaida asasi inayoomba ruzuku moja kwa moja inatakiwa kwanza kujisajili kwenye SAM.gov, tovuti ya serikali yao, kwa Kiingereza, ipate namba ya utambulisho. Tovuti inataka anwani ya mahali ofisi ilipo. Sanduku la posta halikubaliki. Sasa kikundi ambacho cheti, katiba na akaunti ya benki vyote vina anwani ya S.L.P. kinaanzia wapi? Na jina lisipolingana kwenye nyaraka, unarudishwa nyuma.

Kwa shirika la Dar hiyo ni kazi ya ofisa mmoja aliyeajiriwa kwa shughuli hiyo. Kwa kikundi cha kijijini ni nauli ya kwenda mjini, bando, na kumwomba kijana wa mtu anayejua Kiingereza awasaidie jioni akitoka kazini.

Bado hujafika kwenye hesabu zilizokaguliwa. Wafadhili wengi wanataka za miaka miwili au mitatu, na mkaguzi mwenye sifa yuko mjini, ana bei yake. Bado risiti za EFD. Mhudumu wa kujitolea amekwenda kaya kumi kwa bodaboda. Bodaboda gani anatoa EFD?

Jibu linalotolewa ukumbini huwa ni kwamba vikundi "havina uwezo wa kusimamia fedha", kwa hiyo vipewe mafunzo. Hapa mimi sikubaliani kabisa. Nenda kwenye kikundi chochote makini cha kuweka na kukopa. Sanduku lina kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na halifunguliwi mpaka wote wamefika. Pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wanachama. Ukikosea shilingi elfu moja, utaulizwa siku hiyohiyo na jirani yako. Huo ni udhibiti wa fedha, tena mkali kuliko wa ofisi nyingi zenye viyoyozi. Kinachokosekana ni watu wa kuutafsiri kwenye fomu ya mfadhili.

Wapo wanaojaribu njia nyingine. Japan kwa miaka mingi imekuwa na mpango wa misaada midogo unaokwenda kwa jamii na halmashauri bila kupitia shirika kubwa, na majengo yake unayaona mikoani. Lakini mpango huo unapendelea majengo na vifaa. Mishahara na gharama za kuendesha ni juu yenu. Foundation for Civil Society, iliyoanzishwa 2002, nayo imekuwa ikigawa ruzuku kwa asasi za mikoani. Inambebea mfadhili mzigo wa karatasi, na iko hapahapa nchini. Ila chungu chake kinajazwa na wafadhili walewale.

Mwenyeji wa bei nafuu

Ziara hizi huenda zikaongezeka, na sababu haipendezi sana. Fedha zinapungua. Uingereza ilitangaza Februari 2025 kwamba itashusha misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi 0.3 ifikapo 2027. Mwenye fedha kidogo anatafuta mshirika wa bei ndogo, na hakuna mshirika wa bei ndogo kama kikundi ambacho watu wake wanajitolea.

Ndiyo maana swali la kwanza kumuuliza mgeni ni nani anayelipia kodi ya ofisi, mhasibu na mkaguzi. Tangu Oktoba 2024 kanuni za Marekani zinamruhusu mpokeaji asiye na kiwango maalumu kudai hadi asilimia 15 kwa gharama za namna hiyo, kutoka 10 za zamani. Kanuni hizo zinaihusu pia asasi inayopewa sehemu ya mradi na shirika kubwa. Mkiletewa mkataba wenye sifuri kwenye mstari huo, ulizeni hiyo asilimia imebaki kwa nani.

Swali la pili ni lugha. Mabadiliko hayohayo ya 2024 yanaziruhusu ofisi zao kutangaza ruzuku, kupokea maombi na kupokea ripoti kwa lugha isiyo Kiingereza. Ni ruhusa tu, si lazima. Ofisi ambayo haijaulizwa itaendelea na fomu zake za zamani, kwa hiyo kabla hamjasaini nauli, mtu anyooshe mkono aulize kama maombi ya Kiswahili yatapokelewa, na jibu liandikwe kwenye muhtasari wa kikao.