Jiwe la Nusu Kilo

Kwa miaka mingi, samaki waliouzwa na ami yangu pale Wesha walipimwa kwa guruneti la Kijapani.

Babu ndiye aliyelileta kutoka Bama. Alipanda meli Mombasa akiwa askari wa Keya, akarudi Pemba na blanketi, homa isiyokwisha, na kitu kilichofungwa kitambaani: chuma cheusi cha kujaa kiganja, chenye mifereji kama nanasi, na kichwa kidogo cha shaba juu yake. Babu alipofariki, ami aliona kinakaribia nusu kilo, akakitia kwenye mizani. Wateja walinung'unika kwamba jiwe lile linapunja. Walisema kweli, maana guruneti la aina ile lina uzito wa gramu 450 hivi. Tulidhani kibaya chake ni hicho tu.

Kisha binamu yangu akalipiga picha na kuitia kwenye simu. Hazikupita siku nyingi, wakaja wanunuzi kwa ujumbe, wengine kutoka ng'ambo. Wote walianza na swali moja: limekufa? Binamu akajibu bila kuvuta pumzi: limekufa, liko kwetu tangu vita.

Ugomvi wangu uko hapo. Umri si kifo. Chuma hakifi kwa sababu kimekaa nyumbani kwa watu wema.

Jina la guruneti hilo ni Aina ya 97, kwa kuwa lilipitishwa mwaka wa 2597 kwa kalenda ya kifalme ya Japani, yaani 1937. Halina ule mkono wa pembeni tuliouzoea kwenye sinema. Ndiyo maana watu hulitazama wakasema limevunjika, halijakamilika, basi halina neno. Kumbe limekamilika. Askari wa Kijapani alichomoa pini, akagonga kichwa cha guruneti kwenye kitu kigumu, mara nyingi kofia yake ya chuma, akarusha. Baada ya sekunde nne au tano, basi.

Soma tena sentensi ile: akagonga kichwa. Sasa nionyeshe kijana wa vyuma chakavu, popote pwani hii, ambaye akiokota chuma chenye kichwa cha shaba hatachukua nyundo akigonge ili aitenge shaba, yenye bei nzuri zaidi. Pini ya guruneti la babu ilikuwa imeliwa na kutu, imebaki nyembamba kama mwiba wa changu. Mbele yake watoto walikaa wakisubiri zamu ya kununua samaki.

Mkusanyaji atasema anajua dalili: tundu lililotobolewa, kiwashio kilichoondolewa, ndani patupu. Ni dalili nzuri, kwa mtu aliyefunzwa, aliyelishika mwenyewe. Picha ya simu haionyeshi ndani. Rangi nazo, ambazo vitabu husema zilitambulisha makombora ya Kijapani, hufutwa na chumvi na kutu. Na makombora mengi ya Japani yalijazwa asidi ya pikriki, ambayo ikikaa muda mrefu na baadhi ya metali huzaa chumvi zinazolipuka kwa mguso mdogo. Kitu kama hicho uzee haukipozi. Humzidishia hasira.

Mnaodhani natisha watu, kumbukeni Ngara. Mnamo Novemba 2017, mwanafunzi wa Shule ya Msingi Kihinga, mkoani Kagera, aliokota guruneti akalidhani chuma chakavu cha kuuza. Lililipuka shuleni. Watoto walikufa, makumi wakajeruhiwa. Lile halikuwa la Kijapani, lakini neno lililoua ni lile lile: chakavu.

Wakusanyaji hunijibu kwamba wanahifadhi historia. Ipi? Hakuna mnunuzi hata mmoja aliyemuuliza binamu yangu jina la babu. Hakuna aliyeuliza kuhusu bonde la Kabaw, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita kwenye tope na mvua za 1944, hadi kuuvuka mto Chindwin mwezi wa Desemba. Wala hawakuuliza kuhusu meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikazamishwa karibu na Maldivi na nyambizi ya Kijapani tarehe 12 Februari 1944, ikafa nayo roho 1,297, wakiwemo askari wengi wa mizinga kutoka Afrika Mashariki. Anayetaka historia akae na wajukuu wa hao watu, aandike majina. Anayetaka chuma, akisubiri kwanza wataalamu wa mabomu wa jeshi wakikague na kukitoa roho, kisha akiweke makumbusho. Sina ugomvi naye.

Sisi tulipiga simu polisi. Ami alikasirika, akasema nimeuza urithi wa baba yake kwa bure. Walikuja askari, wakatutoa wote nje hadi kwenye minazi, wakakaa ndani muda mrefu, wakaondoka na kile kitu kwenye sanduku lenye mchanga. Hawakutuambia kama lilikuwa hai, na hadi leo ami huniuliza kila nikienda.

Alinunua jiwe halali la mizani. Nusu kilo ya Wesha sasa ni nusu kilo.