Utafiti wa Kolwezi uhesabiwe pia Kapata

Mtafiti wa sayansi anapimwa kwa hesabu: ameandika makala ngapi, na wenzake wamezitaja mara ngapi katika makala zao. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa California aliigeuza hesabu hiyo kuwa namba moja, inayoitwa h. Mwenye h ya 30 ana makala 30 ambazo kila moja imetajwa walau mara 30. Namba hiyo inaweza kumpa mtu pesa za mradi, kazi, hata cheo cha profesa. Haiulizi yule aliyetoa mkojo na damu yake alipata nini.

Kapata ina haki ya kuuliza. Mtaa huo ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa Gécamines, na Amnesty International iliutaja katika ripoti yake ya 2016 juu ya kobalti, pamoja na ziwa Malo lililo karibu, ambako wanawake na watoto waliosha mawe ya madini wakiwa wamesimama majini.

Miaka miwili baadaye ilikuja makala kubwa kutoka Kasulo, mtaa mwingine wa Kolwezi. Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Benoit Nemery wa Leuven nchini Ubelgiji na wenzao waliwapima wakaaji 72, kati yao watoto 32. Mikojo yao ilikuwa na kobalti nyingi kuliko ya majirani wa mtaa usio na machimbo, na kwa watoto zilionekana dalili za kuharibika kwa DNA. Makala ilitoka katika jarida Nature Sustainability, kwa Kiingereza.

Jina la kwanza pale ni la Mkongomani, na hilo si jambo dogo. Profesa Muyembe alichukua damu ya wagonjwa Yambuku mwaka 1976, ikapelekwa Ulaya, na kwa miaka mingi habari ya kugunduliwa kwa Ebola ilisimuliwa bila yeye. Kwa hiyo wanaobeza hesabu ya majina na makala wakumbuke kwamba Mkongomani asiyeandikwa hahesabiwi kabisa.

Lakini kuandikwa hakutoshi, na mfano mzuri uko humu humu nchini, katika elimu ya ubongo. Konzo ni ugonjwa unaopoozesha miguu, unaowapata watu wanaokula mihogo michungu isiyotayarishwa vizuri. Mwaka 2013 Michael Boivin, Désiré Tshala-Katumbay na wenzao walionyesha kwamba kwa watoto wa Kahemba akili nayo inaguswa, hata kwa baadhi ya watoto wanaotembea vizuri. Makala hiyo ilitoka katika jarida Pediatrics na wataalamu wa mbali wakaisoma. Kwa upande wake, Jean-Pierre Banea wa PRONANUT na mkemia Howard Bradbury wa Australia walipeleka vijijini njia ambayo mama yeyote anaiweza: unga wa mihogo unaloweshwa, unatandazwa ukiwa mwembamba, unaachwa saa mbili juani au saa tano kivulini, ndipo unapikwa. Wanawake walifundishana wenyewe kwa wenyewe. Kazi ya namna hiyo inaongeza kiasi gani kwenye h ya mtu? Kidogo sana, pengine sifuri.

Lualaba inahitaji zote mbili. Risasi inadhuru ubongo wa mtoto anayekua, hilo halina ubishi. Vumbi la manganizi linaweza kumtetemesha na kumkakamaza mchimbaji. Daktari wa Scotland alilieleza tangu 1837, na Kisenge, katika jimbo hili hili, ni machimbo ya manganizi. Watakaokuja kupima akili za watoto wa Kapata waje, na waandike katika jarida kubwa kadiri wanavyoweza.

Ila siku faili ya kupandishwa cheo itakapofika mezani, Lubumbashi au Kolwezi, tume ingeomba karatasi moja zaidi, yenye sahihi ya chefu wa mtaa: tarehe ambayo majibu yalisomwa kwa Kiswahili mbele ya wazazi, nani aliyasoma, na wamama waliuliza nini.