Bomba Lililopasuka kwa Baridi



Juma hili mama mmoja wa Lweba ametuletea shida ambayo haijapata kuingia katika ukurasa huu. Mwanawe yuko Marekani pamoja na mke na watoto. Walikimbia vita vya mwaka 1996, wakavuka Ziwa Tanganyika, wakaishi miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, na kutoka huko wakapelekwa ng'ambo, kama jamaa wengi wa Fizi. Sasa mwana huyo amempigia mama yake simu, akasema: "Mama, maji yameganda ndani ya ukuta, yamepasua bomba, na nyumba imejaa maji. Mwezi huu sitaweza kutuma karo ya mdogo wangu."

Mama hakuamini. Akatuuliza: "Maji ni laini, bomba ni chuma. Je, mwanangu amejifunza kunidanganya?"

Twamjibu mbele ya wasomaji wote, kwa kuwa twajua si yeye peke yake mwenye mashaka ya namna hii. Mama, mwanao hakudanganyi.

Sisi tukaao kando ya ziwa hatuijui baridi kali. Barafu tunayoiona ni ile ya mvua ya mawe, ambayo watoto huikimbilia uani na kuitia kinywani kabla haijayeyuka. Lakini katika nchi za kaskazini, majira ya baridi yakifika, hata maji ya mtungi yakiachwa nje usiku hugeuka kuwa jiwe.

Na maji yana tabia ya ajabu. Vitu vingi vikipoa hunywea. Maji yakiganda hupanuka. Lita 10 za maji zikiwa barafu hudai nafasi ya lita 11 hivi. Sasa ndani ya bomba nafasi ya kuongeza haipo. Barafu huyasukuma maji yaliyobaki kati yake na koki iliyofungwa, na maji hayo, yakikosa pa kwenda, hupasua hata chuma. Tena jambo hili lina hila. Baridi ikiwa kali huoni hata tone moja, maana barafu yenyewe imeuziba ufa. Joto likirudi, barafu huyeyuka, na maji hububujika ghafula, watu wakiwa usingizini au kazini.

Wala msiba huu hauwapati wageni tu. Mwezi wa Februari 2021 baridi kali iliishukia Texas, jimbo la kusini lenye jua, ambako nyumba nyingi zina mabomba yaliyopitishwa darini bila kufunikwa vema. Mjini Dallas kipimo kilishuka hadi digrii 19 chini ya sifuri. Umeme ulikatika katika nyumba na maduka zaidi ya milioni 4, mabomba yakapasuka kwa matajiri na kwa maskini, na mamilioni ya watu wakaambiwa wachemshe maji kabla ya kuyanywa. Serikali ya jimbo ilihesabu watu 246 waliokufa. Ikiwa wenyeji walipatwa hivyo, mtu aliyezaliwa Lweba alaumiwe kwa nini?

Kwa ruhusa ya mama tulizungumza na mwanawe. Alisita sana, kisha akakiri jambo ambalo hakuthubutu kumwambia mzazi wake. Kila asubuhi, aendapo kazini, alikuwa akiizima mashine ya kupasha nyumba joto, ili gharama ipungue na fedha za karo zipatikane. Bomba liliganda kwa sababu hiyo. Wazazi wenzetu, tulitafakari neno hili. Pengine tunadai mno, nasi hatuulizi fedha hizo zimetoka wapi.

Basi, mama, umsomee mwanao mashauri yafuatayo.

Kwanza, aijue koki kuu, yaani ile ya kufungia maji yote ya nyumba. Amwulize mwenye nyumba leo, asingoje siku ya msiba. Mkewe aijue pia, na kila mtoto mwenye nguvu ya kuizungusha.

Pili, bomba likipasuka, aifunge koki hiyo mara moja, kisha azifungue nyingine zote ili maji yaliyobaki yatoke. Maji yakifika penye umeme, asikanyage majini wala asiguse swichi. Awatoe watu na kuita msaada. Ndipo amwarifu mwenye nyumba na kupiga picha za uharibifu wote, kwa ushahidi. Asione haya kumgongea jirani. Wengi wetu tukiwa ugenini hunyamaza tukidhani tutaonekana washamba, na unyamavu huo hutugharimu.

Tatu, bomba likiwa limeganda bila kupasuka, aiache koki yake wazi, alipashe joto polepole kwa mashine ya kukaushia nywele, au kwa vitambaa vilivyolowekwa katika maji ya moto, akianzia upande wa koki na kurudi nyuma. Asitumie moto wenyewe, kwani nyumba nyingi za huko ni za mbao.

Nne, usiku wa baridi kali aache maji yadondoke kidogo kidogo kokini, afungue milango ya kabati zilizo chini ya sinki ili joto liyafikie mabomba, na mashine ya joto isizimwe hata watu wakitoka.

Tano, na hili ni kubwa kuliko yote: umeme ukikatika, asiingize mbabula ndani. Nyumba za huko zimezibwa kila upande. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka, na mtu huvuta usingizi asiamke tena. Huko Texas mwaka 2021 wako waliokufa hivyo, wakijitafutia joto. Nasi huku tusilale na mbabula iwakayo katika chumba kilichofungwa.

Je, habari hii ya mbali yatuhusu nini sisi tusio na barafu? Yatuhusu sana. Huku kwetu bomba hupasuliwa na jembe, na mvua imomonyoayo udongo, na mizigo ipitayo juu yake. Maji humwagika njiani siku tatu, kila mmoja akiruka dimbwi na kusema, "Komite itaona." Lakini bomba lenye ufa, maji yakipungua nguvu ndani yake, huvuta uchafu wa nje. Koki zikikauka, akina mama hurudi kuteka ziwani, na twajua sote jinsi kipindupindu kinavyorudi mara kwa mara katika ufuko huu wa Fizi na Baraka. Kwa hiyo twawauliza: katika mtaa wenu, nani ajuaye mahali pa kuyafungia maji? Nani atakwenda kumwita fundi usiku huu, si kesho? Na maji yakirudi baada ya matengenezo, tuyachemshe au tuyatie dawa kabla ya kuyanywa.

Wale mabikira wenye busara wa Injili hawakusifiwa kwa kukimbia upesi bwana arusi alipofika. Walisifiwa kwa kuwa mafuta yalikuwamo chomboni mapema.

Kuhusu karo, tumemshauri mama azungumze na mkuu wa shule apewe muda wa kulipa. Naye Jumapili, baada ya Misa, alimpigia mwanawe simu mbele yetu. Hakutaja fedha. Neno lake la kwanza lilikuwa: "Mwanangu, nyumba ina joto?"

Kwa herini hata juma lijalo.