Ushuru wa kuku Marekani, mlango wa Hiace hapa Ndosho

Anayerudi Ndosho jioni kwa Hiace anajua namna ya kushuka. Gari linasimama upande wa kuume wa barabara ya Sake, kama sheria ya Congo inavyotaka, lakini mlango unafunguka upande wa kushoto, kwenye barabara yenyewe. Mama mwenye mtoto mgongoni na mfuko wa unga mkononi anaweka mguu chini pale pale wamotari wanapojipenyeza, huku malori ya Masisi yakipiga honi. Tumezoea. Tunamwambia mtoto "angalia kwanza", basi.

Kiwandani hawakukosea. Gari hilo lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako watu wanaendesha upande wa kushoto, na mlango wake ulifungukia mahali pa wanaotembea kwa miguu. Sisi ndio tulilileta kwenye nchi inayoendesha upande wa kuume. Kwa nini tulileta hilo na si lingine? Jibu ni bei. Na nguvu ya bei, hasa bei inayopangwa mpakani, niliielewa vizuri niliposoma kisa cha Waamerika na vigari vidogo vya kazi vya Ulaya.

Vigari vyenyewe ndugu zetu walio Bruxelles au Paris wanavijua: Renault Kangoo, Citroën Berlingo, Fiat Doblò, Ford Transit Connect. Mbele ni kama gari la familia, nyuma ni sanduku la chuma. Sakafu iko chini, hivyo mtu hainui mzigo hadi kifuani. Muuza mikate, fundi wa mabomba, muuza maua, wote wanafunga kazi yao ndani kwa ufunguo na kulala usingizi. Mwamerika alizoea pikapu, gari zuri la shamba, lakini mvua inanyesha juu ya vyombo na mwizi anavifikia kwa mkono. Fundi wa umeme wa New York alipopata kigari cha aina hii alifurahi: kinakula mafuta kidogo na kinapata mahali pa kusimama.

Hata hivyo vigari hivyo vimepotea madukani kule. Kati ya 2021 na 2023, vidogo vyote vilivyouzwa vipya Marekani viliondolewa kimoja kimoja. Yamebaki makubwa, Mercedes Sprinter, Ford Transit na Ram ProMaster, ambayo pia yana asili ya Ulaya lakini sasa yanaunganishwa Marekani au Meksiko. Ushuru si sababu peke yake, kwa kuwa Waamerika wengi wanapenda gari kubwa na esansi kwao si ghali kama kwetu. Lakini ushuru una sehemu yake, na asili yake inachekesha.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960, kuku wa Marekani waliogandishwa walijaa katika masoko ya Ulaya kwa bei ya chini. Ufaransa na Ujerumani Magharibi, pamoja na wenzao wa Soko la Pamoja, wakapandisha ushuru wa kuku. Marekani ikakasirika. Rais Lyndon Johnson akatia sahihi mwezi wa Desemba 1963, na kuanzia Januari 1964 wanga wa viazi, dekstrini, brandi na magari madogo ya mizigo kutoka nje yakawekewa ushuru wa asilimia 25. Wakati huo pigo lilianguka hasa kwa Volkswagen, ile Kombi ambayo wazee wetu wanaikumbuka. Vingine vilisamehewa baadaye. Magari ya mizigo hayakusamehewa. Ugomvi wa kuku ulikwisha, ushuru ukabaki, na watu wote kule wanauita hivyo hivyo: ushuru wa kuku.

Sasa tazama biashara inavyopita kwenye ufa. Gari la abiria lilitozwa asilimia 2.5 tu. Kuanzia 2009 Ford ilileta Transit Connect kutoka Uturuki zikiwa na viti vya nyuma na vioo ubavuni, yaani "gari la abiria". Meli ikifika Baltimore na karatasi za duane zikiisha, wafanyakazi waling'oa viti, wakatoa vioo, wakaweka bamba la chuma. Viti vipya ambavyo hakuna aliyevikalia vilisagwa. Duane ya Marekani ilikataa mchezo huo mwaka 2013, kesi ikazunguka mahakamani, na mwezi wa Machi 2024 Ford ikakubali kulipa dola milioni 365.

Nilipofika hapo nilicheka, kwa sababu sisi tunafanya kinyume chake. Hiace nyingi tunazopanda hazikuzaliwa kubeba watu. Zilikuwa magari ya kazi ya mafundi wa Japani, za ngazi, rangi na mabomba, na nyingine bado zina maandishi ya Kijapani ubavuni ambayo hakuna anayeyasoma. Huku tunaweka mabenchi na kupanga watu wanne kwa mstari. Kinshasa walifanya hivyo na Mercedes 207 za Ujerumani, wakatoboa madirisha ubavuni, na watu wakaziita "esprit de mort", roho ya kifo. Angalau za Kinshasa zilipita bandari ya Matadi kutoka Antwerp, na volani yake ilikuwa upande unaofaa. Za kwetu zinatoka Mombasa na Dar es Salaam, zinapita nchi zinazoendesha upande wa kushoto.

Kinshasa ilikwisha kutangaza kwamba magari yenye volani kuume hayataingia tena nchini. Sheria iliandikwa na watu wanaotazama bahari ya Atlantiki. Huku mashariki ilisomwa redioni, na Hiace zikaendelea kuingia, kwa sababu mfanyabiashara wa Goma hana Antwerp. Ana Japani, ambako ukaguzi wa lazima wa gari linalozeeka ni ghali hivi kwamba wenye magari wanayauza mapema, tena kwa bei ya chini.

Ana pia Dubai. Hilo tunalisahau. Emirati wanaendesha upande wa kuume kama sisi, na Hiace ya huko ina volani kushoto na mlango upande wa kuume. Ni Toyota ile ile, na inafika kwa bandari zile zile. Tofauti ni kwamba bei yake iko juu. Kwa hiyo mlango unaomshusha mama katikati ya barabara ya Sake hautokani na ujinga wa shofere wala ukatili wa mwenye gari. Unatokana na pesa ambazo mwenye gari hakuwa nazo siku ya kununua.

Ndiyo maana naona katazo halitoshi, na ushuru unaweza. Kama asilimia 25 ilimfanya Ford asage viti vipya, punguzo la wazi kwa bisi na kamyoneti zenye volani kushoto litamfanya mfanyabiashara wa Birere abadilishe anachoagiza, bila polisi hata mmoja kusimama barabarani. Yule anayetaka ya Japani alipe zaidi, na ziada hiyo ndiyo ifidie punguzo. Na gari lililo hapa tayari lisinyang'anywe mtu. Lipewe muda wa kuhamishiwa mlango, kwa bei inayojulikana, kabla ya kupewa karatasi za kubeba abiria.

Najua nitaambiwa huu si wakati. Tangu M23 ilipouchukua mji mwezi wa Januari 2025, ofisi zimebadilisha watu, benki zilifunga milango, ndege za abiria hazitui, na anayenunua gari ananunua kwa dola za mkononi. Ni kweli. Lakini mpakani ushuru bado unatozwa. Yeyote anayepokea pesa hizo, leo au kesho, anaweza kuulizwa zinaleta gari la aina gani.

Mwingine atauliza kwa nini basi tusilete vile vya Ulaya, maana mlango wao uko sawa. Ningependa. Muuza mikate wa Ndosho anayefunga makartoni nyuma ya pikipiki chini ya mvua angekipenda Kangoo kuliko fundi wa New York. Lakini mawe ya volkano kwenye avenyu zetu yangekikwaruza tumbo wiki ya kwanza, na ukivunjika mkono wa gurudumu, nenda Birere uulize piyese ya Renault uone watakavyokutazama. Piyese za Toyota ziko mpaka za kutandikwa chini. Kwa mizigo midogo chukudu bado inawashinda wote: haina duane, na mti wake unatoka hapa hapa.

Ukivuka Grande Barrière na kupanda bisi Gisenyi, unashukia kando ya barabara. Ni mwendo wa dakika chache kutoka kwetu.

Juzi usiku ukianza kuingia, Hiace yetu ilisimama kabla ya njia ya kuingia kartye. Konvoyeri, kijana wa miaka kumi na saba hivi, aliruka kwanza, akasimama katikati ya barabara na kunyoosha mikono yote miwili mbele ya taa za pikipiki. "Mama, ngoja kwanza, moto inapita... Haya, shuka sasa, mama, shuka." Mama akashuka. Mtoto akashuka. Kijana akarudi ndani na kuufunga mlango kwa kamba.