Mkono wa Fundi: Kebo Iishie Wapi?



Swali la toleo hili limeletwa na mwanachama anayekwenda Unguja kwa likizo ya kiangazi. Nyumba yao iko Mji Mkongwe, kuta ni nene za mawe ya matumbawe na chokaa, na waifai ya ruta iliyoko chini haifiki vyumba vya juu. Familia imeamua kupitisha kebo, na kazi kapewa yeye kwa sababu moja tu: anasoma Uingereza. Anauliza, anunue koleo gani la kubania plagi kabla hajafunga begi?

Wengi wetu tukifika kwetu hugeuzwa mafundi wa intaneti, tupende tusipende. Kwa hiyo jibu ni la wote, nalo linaanza kabla ya koleo: hiyo kebo itaishia wapi?

Kebo inayopita ukutani haifai kuishia kwenye plagi. Iishie kwenye soketi ya ukutani, kisha kutoka hapo hadi kwenye kompyuta utumie kebo fupi iliyotoka kiwandani na plagi zake. Sababu iko ndani ya kebo yenyewe. Ile ya ukutani ina nyaya nane, kila moja ni uzi mmoja mgumu wa shaba. Uzi huo unatulia vizuri ukiachwa mahali pamoja, lakini ukikunjwa na kukunjuliwa kila siku hukatika. Kebo fupi ina nyuzi nyembamba nyingi ndani ya kila waya, ndiyo maana inavumilia kuvutwa na kupindwa. Kila moja ina kazi yake. Kwa urefu, hesabu mita 90 za ukutani na mita 10 za kebo fupi za pande zote mbili, jumla mita 100.

Soketi ina faida nyingine kwa asiye na mazoezi. Rangi zimechorwa juu yake, unafuata tu. Kila waya unasukumwa kwenye mwanya wenye meno yanayopasua ganda na kuikamata shaba. Kifaa cha kusukumia kina upande wa kukata. Upande huo uelekee nje, kwenye ncha, la sivyo utakata waya unaoutaka. Usitumie bisibisi, maana huipanua mianya na waya hulegea. Kama hutaki kubeba kifaa, zipo soketi zinazofungwa kwa kubonyeza kifuniko chake kwa mkono au kwa koleo la kawaida. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Hapa hata la kununua si lazima.

Ukilazimika kufunga plagi, kwa mfano kwenye kamera ya mlangoni, chagua plagi inayolingana na kebo. Nyaya za Cat6 kwa kawaida ni nene kuliko za Cat5e, na meno ya plagi ya uzi mmoja si sawa na ya nyuzi nyingi. Ziko plagi zilizotoboka mbele, ambapo nyaya hutokeza nje nawe unaona mpangilio wa rangi kabla ya kubana. Kwa mwanafunzi ni nzuri, ila zinataka koleo lake maalumu lenye wembe. Wembe ukiwa butu, shaba hubaki imechomoza mbele na zinaweza kugusana.

Sasa mpangilio. Kuna miwili, T568A na T568B. Wote ni sahihi, mradi pande zote mbili za kebo zifanane. Kama nyumba ina soketi za zamani, fuata zilizopo. Wa B ni huu: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, buluu, nyeupe-buluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Mtu huuliza kwa nini kijani imetenganishwa na mwenzake. Nyaya zimesokotwa jozi jozi ili kuzuia kelele za umeme, na nafasi ya 3 na ya 6 ni za jozi moja. Ukipanga rangi kwa kufuatana tu, pande zote mbili, kile kipimio kidogo cha taa kitawaka 1 hadi 8 bila kasoro, lakini jozi zimevunjwa na mtandao utasumbua. Kwa sababu hiyo hiyo usifungue msokoto zaidi ya milimita 13.

Baada ya taa, chomeka kompyuta usome kasi. Ikiwa vifaa vyote ni vya megabiti 1000 na unaona 100, shuku waya mmoja haujakamata: 1000 inataka jozi zote nne, 100 inatosheka na mbili. Familia itaendelea kulipia kasi isiyofika, na hakuna atakayejua.

Fedha uliyookoa kwenye koleo itie kwenye kebo. Kwangua waya mmoja kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni alumini iliyopakwa shaba. Ni nyepesi, rahisi kwa bei, hukatika upesi, na ikipitisha umeme wa kamera hupata joto kuliko shaba tupu. Kuitoa ndani ya ukuta uliokwisha kupigwa lipu ni kazi ya kubomoa.

Mwisho, andika A au B ndani ya kisanduku cha soketi, acha soketi moja ya akiba, na mwite mdogo wako akae karibu ufunge naye ya pili. Sisi tunarudi chuoni, kebo inabaki na wenyewe. Siku ikikorofisha, fundi wa mtaani aifungue aielewe bila kukupigia simu.

Msamiati wa safu
Kuchuna: kuondoa ganda la kebo bila kujeruhi nyaya.
Kubana: kufunga plagi kwa koleo.
Jozi: nyaya mbili zilizosokotwa pamoja.
Lipu: saruji au chokaa ya kusawazishia ukuta.